Vyeo vya Kioo: Nani Ampandishaye Kijana Wetu Daraja?

Kwa muda sasa, katika mabaraza yetu ya Pwani, toka Lamu hata Vanga, hakupiti juma ila utasikia wazee wakiwashutumu vijana kwa michezo ya bunduki waichezayo katika simu zao. Huyu husema ni damu inayowaharibu, yule husema ni makelele, na mwengine hudai kuwa kijana aliyezoea kuua katika kioo hatakawia kuua barabarani. Nimeyasikiliza maneno hayo na nimeona yafaa niyatolee rai. Wazee wenzangu wameukodolea macho mtutu wa bunduki, wakaliacha jambo lenyewe likipita nyuma ya migongo yao. Kijana mwenye akili timamu ajua fika kuwa yule aliyemwangusha atainuka muda si muda na kuendelea kucheza. Kimwekacho macho hata adhana ya alfajiri imkute hajalala ni kile apewacho kila baada ya kufyatua: alama, nyota, cheo, vazi, na kasha lililofungwa asilojua ndani mna nini. Bunduki ni ndoano tu; chambo ni malipo.

Wahenga walinena kuwa ukiona vyaelea vimeundwa. Vyeo hivi navyo vimeundwa, tena na watu wenye elimu yao na hisabu zao. Basi ndugu msomaji, kabla hatujahukumu, natuvitazame viliundwaje.

MWANZO WAKE

Michezo hii ilipoanza haikuwa na vyeo. Mwaka 1993 ulipotoka mchezo uitwao Doom huko Marekani, watu waliunganisha kompyuta zao, wakawindana, wakahesabiana nani kaangusha wangapi, na usiku ulipokwisha hisabu ikafutwa. Mwaka 1999 vijana wawili, Minh Le na Jess Cliffe, walitengeneza Counter-Strike juu ya mchezo mwengine uliokuwako, na mwaka 2000 kampuni ya Valve ikautoa uuzwe. Humo mlikuwa na malipo ya aina yake: ukimwangusha adui au kundi lako likishinda duru, hupewa fedha za bandia za kununulia silaha bora kwa duru ifuatayo. Lakini mechi ikisha, fedha nazo zimekwisha. Kesho tajiri na maskini huanza pamoja. Kilichobaki kwa mchezaji ni ufundi wa mkono wake na jina lake kwa wenzake, kama mcheza bao anayeziacha kete barazani akenda zake nyumbani na sifa yake peke yake.

Mambo yaligeuka pale mchezo wa bunduki ulipooana na hisabu ya mchezo wa aina nyengine kabisa. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walikuwa wametoa mchezo wa mezani uitwao Dungeons & Dragons, ambao mchezaji wake hukusanya pointi za tajiriba na kwa pointi hizo akapanda daraja na kuongezewa uwezo. Wazo hilo likahamia katika kompyuta, na mwaka 2005 mchezo wa Battlefield 2 ukawa unaziweka alama za mchezaji siku hata siku, ukimpandisha vyeo vya kijeshi na kumfungulia silaha mpya. Kisha Novemba 2007 ukaja Call of Duty 4: Modern Warfare, na huo ndio uliowafunza wengine wote.

Katika mchezo huo mlikuwa na daraja 55. Anayeanza hupewa silaha chache, na nyingi nyengine huonyeshwa zikiwa zimefungwa, azitamani. Kila adui aangukaye, nambari ndogo huruka mbele ya macho yake kumjulisha amepata pointi ngapi. Akiangusha watatu pasi na yeye kuanguka, hupewa ndege ya kumwonyesha maadui walipo. Akifikisha watano, huita mabomu. Akifikisha saba, huletewa helikopta impiganie. Na afikapo daraja ya 55, je, amefika? Hata kidogo. Hapo huambiwa kuwa aweza kuvirudisha vyote alivyovipata, silaha na daraja, akaanza upya kama aliyezaliwa leo, na badala yake akapewa nembo ya heshima pembeni mwa jina lake. Na hilo aweza kulifanya mara kumi. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, lakini baharia wetu wa zamani alirudi ngamani kwa kuwa safari imekwisha. Huyu hurudi ngamani ili safari isipate kwisha.

CHEO SI KIGENI KWETU

Sitaki nionekane nachukia vyeo, kwani nani kati yetu hakulelewa kwa vyeo? Katika chuo cha Kurani mtoto huanza kwa alifu na bee, akaingia katika kuendeleza, akasoma Juzuu Amma, akaendelea juzuu kwa juzuu hata akafika thelathini, na siku ya kuhitimu kukawa na sherehe, na halua, na kanzu mpya. Hiyo pia ni ngazi, na halua ile pia ni malipo. Mwalimu ajua kuwa mtoto hupenda kusifiwa, naye huitumia tabia hiyo kumvutia kwenye heri.

Na ushindani pia ni wetu. Vijana wa Lamu hucheza kirumbizi kwa fimbo, na washairi wametukanana kwa tungo hata wakapatanishwa. Na ngoma ya Beni iliyozuka Pwani hii mwishoni mwa karne ya 19 ilikuwa nini ila mchezo wa vyeo? Vyama vilishindana kwa tarumbeta na sare, watu wakajipa vyeo vya kijeshi vya kizungu, jenerali na amiri, na ngoma hiyo ikaenea bara hata Tanganyika kukawa na Marini na Arinoti. Watu walitumia mali nyingi kwa ajili ya kuwashinda wenzao kwa fahari. Basi kijana anayejigamba leo kuwa ana nyota kumi katika simu hakuzua jambo. Babu wa babu yake huenda alikuwa amiri wa jeshi lisilokuwako.

Tofauti iko wapi, basi? Iko katika swali moja: ngazi hiyo kaiweka nani, na anataka umpe nini? Mwalimu wa chuo alitaka uhitimu uondoke. Kwake mwanafunzi asiyemaliza ni hasara. Kwa mwenye mchezo wa siku hizi, mchezaji amalizaye ndiye hasara. Kwa kipimo hicho naona malipo ya michezo hii yamegawika mafungu matatu, na kila fungu lina hukumu yake.

CHEO CHA KUPIMWA

Fungu la kwanza ni cheo kipimacho uwezo. Asili yake ni hisabu ya Arpad Elo, mwalimu wa fizikia mzaliwa wa Hungaria aliyeishi Marekani, ambaye alitunga njia ya kuwapima wacheza sataranji. Chama cha sataranji cha Marekani kiliichukua njia hiyo mwaka 1960 na shirikisho la dunia likaichukua mwaka 1970. Maana yake ni nyepesi: ukimshinda aliye juu yako wapanda sana, ukimshinda aliye chini wapanda kidogo, na ukishindwa na mnyonge wako waporomoka. Michezo mingi ya bunduki hutumia hisabu za ukoo huo kuwapanga watu ili hodari akutane na hodari, na anayejifunza asitupwe mbele ya simba.

Cheo hiki mimi nakiheshimu. Hakinunuliwi wala hakipatikani kwa kukesha tu, na humfunza kijana jambo ambalo wengi wetu limetushinda, nalo ni kukubali kushindwa. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Kijana aliyepanda kwa njia hii amejifunza kulenga, kusoma uwanja, kuwasikiliza wenziwe wanne, na kutulia wakati wa dharuba. Mzazi ambaye kijana wake ana cheo hiki asimdharau. Amwulize alikipataje, naye atasikia maelezo ya mtu aliyefanya kazi.

CHEO CHA KUKESHA

Fungu la pili ni malipo ya kuwapo. Hapa mchezaji hapimwi ubora wake, bali hupimwa muda wake. Ashinde, ashindwe, mradi amehudhuria, pointi hupanda. Yapo malipo ya kila siku: ingia leo upewe hiki, ingia kesho upewe kikubwa zaidi, na ukikosa siku mnyororo unakatika. Zipo kazi za siku na kazi za juma. Ipo na tikiti ya msimu, ambayo mchezo wa Fortnite uliieneza duniani tangu mwishoni mwa mwaka 2017: mtu hulipa kwanza, kisha huambiwa zawadi zake ziko katika ngazi mia moja, na lazima acheze ili azipande zote kabla ya msimu kwisha. Yaani amekwisha toa pesa, na bado anafanya kazi ya kukikomboa kile alicholipia. Sijui biashara gani ya soko la Marikiti ambayo mnunuzi hulipia ndizi kisha akaambiwa azibebe makuli miezi miwili ndipo apewe.

Katika PUBG Mobile, unaochezwa sana na vijana wetu, msimu ukisha hata cheo chenyewe hushushwa, ili mtu apande tena ngazi ile ile aliyoipanda jana. Ndio maana kijana akiambiwa azime simu huona kama ananyang'anywa haki yake. Kwa hisabu ya mchezo, kweli ananyang'anywa. Mchezo umepangwa hivyo hasa, kwamba kupumzika kuwe ni kupoteza.

Hapa Waislamu tuna neno letu la kusema. Muumini ana nyakati tano alizowekewa na Mola wake, na siku yake huzunguka juu ya nyakati hizo. Sasa ametokea mwengine aliye mbali, asiyemjua kijana huyu wala mamake, naye amemwekea nyakati nyengine: kazi za leo huisha saa kadhaa, tukio la usiku huanza saa kadhaa, zawadi maradufu ni Ijumaa hata Jumapili. Kijana atakayezichelewesha Magharibi na Isha kwa ajili ya zawadi ya siku hakuamua kuipuuza sala. Amechukuliwa hatua kwa hatua mpaka mnada wa mwengine ukawa na sauti kubwa kuliko adhana. Mzazi anayemfokea kwa uvivu hajaelewa: kijana huyu si mvivu hata kidogo, kwani anafanya kazi ya zamu ya usiku bila ya mshahara.

PATA POTEA

Fungu la tatu ndilo baya, na juu yake sitalainisha maneno. Ni kasha la bahati. Agosti 2013 Valve ilitia makasha katika Counter-Strike: Global Offensive. Mchezaji hupata kasha limefungwa, na ili alifungue hununua ufunguo kwa dola 2.49 za Marekani. Ndani mna rangi za kupamba bunduki, au kisu. Rangi nyingi hazina thamani kubwa. Visu na rangi adimu huuzwa sokoni kwa mamia na hata maelfu ya dola, na katika soko la Valve lenyewe kampuni hukata fungu lake kila kitu kinapouzwa.

Nafasi ya kupata kisu ni ngapi? Watu hawakuambiwa kwa miaka mingi, hata serikali ya Uchina ilipolazimisha, kuanzia Mei 2017, kuwa kila mchezo wenye makasha utangaze nafasi zake. Ndipo ikajulikana kuwa katika kila makasha mia, karibu 80 hutoa vitu vya daraja ya chini, na nafasi ya kitu adimu kabisa kama kisu ni asilimia 0.26. Piga hisabu, ndugu msomaji: ni kasha moja katika kila 385. Kwa bei ya ufunguo, hizo ni kama dola 958, yaani zaidi ya shilingi 120,000 zetu, na hata hapo hakuna ahadi, kwani wastani haumdai mtu deni. Aliyefungua mia nne bila ya kupata hana wa kumshitakia.

Sisi watu wa Mombasa tunalo jina la mchezo huu tangu zamani. Twauita pata potea. Yule wa karata tatu njiani hutandika gazeti chini na kumwita mpita njia, na polisi akitokea hukunja akakimbia. Huyu wa siku hizi hakimbii, kwani ana jengo, mawakili na mahisabu.

Na mbona mtu hushikwa hata akashindwa kuondoka? Jambo hilo lina elimu yake. Mwaka 1957 Wamarekani B. F. Skinner na Charles Ferster walitoa kitabu kikubwa juu ya majaribio yao ya kuwapa malipo wanyama, wengi wao njiwa. Njiwa akipewa punje kila baada ya idadi maalumu ya kudonoa, hudonoa kisha akapumzika. Lakini punje ikija bila ya mpango unaojulikana, mara baada ya kudonoa tatu, mara baada ya arubaini, njiwa hudonoa mfululizo asikome. Kasha la bahati ni punje ya namna hiyo, na kidole cha mtoto ndicho mdomo wa njiwa.

Kamari imekatazwa katika Sura ya al-Maida, na sina haja ya kuwakumbusha wasomaji wa ukurasa huu. Hukumu ya kila mchezo nawaachia mashekhe wenye elimu yake. Lakini mshairi aweza kusema juu ya maana ya neno: panapotolewa pesa ya kweli ili kupata kisichojulikana, na hicho kipatikanacho chaweza kuuzwa kwa pesa ya kweli, basi kukiita zawadi ni kukipaka mbwa hina. Oktoba 2025, Valve ilipobadili kanuni moja tu ya namna ya kupata visu katika Counter-Strike 2, bei za visu vingi zikaporomoka kwa siku moja, na watu waliokuwa wameweka akiba yao humo wakabaki wameshika vichwa. Hapo ilidhihirika mali ile ilikuwa ya nani. Anayeweza kuishusha thamani ya mali yako kwa kubonyeza kidude hakukuuzia mali.

WATASEMA NI PAMBO TU

Najua jibu la watetezi. Watasema mapambo hayamfanyi mtu ashinde, basi asiyetaka asinunue. Ni kweli kwa michezo mingi, na ni bora kuliko ile inayouza nguvu yenyewe. Lakini jibu hilo latoka kwa mtu asiyewajua watoto. Katika Fortnite yule aliyevaa vazi la bure, ambalo kila mgeni hupewa, huchekwa na wenziwe, na jina la vazi hilo likageuka tusi katika viwanja vya shule za Uzunguni. Sisi tunajua vyema vazi la watu lina maana gani. Mtoto anayekwenda kuswali Idi kwa kanzu ya mwaka jana hapungukiwi thawabu hata chembe, lakini mwulize mamake alilala vipi usiku wa kuamkia. Wenye michezo wamelipata donda hilo hilo na wakalifanyia duka, tena duka lenye Idi kila mwezi.

WALIOKWISHA AMKA

Tusidhani kuwa hakuna awezaye kuwajibu. Novemba 2017 kampuni ya Electronic Arts ilipokaribia kutoa Star Wars Battlefront II, wachezaji waliona kuwa shujaa mmoja mashuhuri, Darth Vader, hufunguliwa kwa pointi 60,000, ambazo ni saa nyingi mno za kucheza, ilhali makasha yenye kuongeza nguvu yalikuwa yakiuzwa kwa pesa. Kampuni ilijitetea kuwa yataka mchezaji aone fahari ya kufaulu. Wachezaji wakawaka. Bei ikashushwa hata 15,000, na siku moja kabla ya mchezo kutoka rasmi uuzaji ukasimamishwa. Waliofanya hayo ni wachezaji wenyewe. Hakukuwa na mbunge wala shekhe.

Aprili 2018 tume ya michezo ya kamari ya Ubelgiji ilitangaza kuwa makasha ya michezo mitatu, miongoni mwao Overwatch na Counter-Strike: Global Offensive, ni kamari isiyo na leseni, na kampuni zikayaondoa nchini humo. Uholanzi nayo ilijaribu, lakini mwaka 2022 mahakama yake ya juu ya mambo ya utawala ikaifuta faini ya euro milioni 10 iliyokuwa imetozwa Electronic Arts kwa mchezo wa mpira. Uchina, mwaka 2021, iliwafungia walio chini ya miaka 18 wasicheze ila saa moja jioni ya Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Desemba 2022, kwa mashitaka ya serikali ya Marekani, Epic Games yenye Fortnite ilikubali kulipa dola milioni 520, na katika hizo milioni 245 zilikuwa za kuwarudishia watu waliotozwa kwa mitego ya vibonyezo. Nalo Shirika la Afya Duniani limeutia ugonjwa wa michezo katika orodha yake iliyoanza kutumika Januari 2022, likieleza kuwa dalili yake ni mtu kushindwa kujizuia, kuutanguliza mchezo mbele ya mengine yote, na kuendelea ijapokuwa anaona madhara.

Na sisi Waislamu tumefanya nini? Mwaka 2019 bunge la Iraki lilipiga kura kuizuia PUBG na mingineyo kama hiyo, Jordan nayo ikaizuia, na baraza la maulamaa la Aceh, Indonesia, likatoa fatwa ya kuiharamisha. Maneno mengi yaliyosemwa siku hizo yalikuwa juu ya vita na umwagaji wa damu. Lakini kisa kilichonionyesha mimi nguvu ya malipo kilitokea Juni 2020. PUBG Mobile iliweka uwanja wa msituni wenye masanamu, na mchezaji akipiga magoti mbele ya sanamu, huongezewa nguvu. Waislamu wa Ghuba na kwengineko wakapaza sauti, wenye mchezo wakaomba radhi na kitendo kile kikaondolewa. Jambo la kuzingatia ni hili: hakuna mtoto aliyehubiriwa kuliabudu sanamu. Aliwekewa malipo tu mbele yake. Kama malipo ya kioo yaweza kumpigisha mwana wa Kiislamu magoti bila ya kufikiri, basi yaweza kumfanyisha mengi madogo kuliko hayo bila ya mtu kushituka wala kupaza sauti.

LA KUFANYA

Siwaambii wazazi wavunje simu. Anayevunja simu hujua kuvunja tu, na kijana ataipata nyengine kwa rafiki yake. Nawaambia waketi na kijana wamwulize maswali manne. Mchezo huu wakupa cheo kwa uhodari, kwa kukesha, au kwa pesa? Ukiuacha siku tatu utapoteza nini, na nani aliyepanga upoteze? Kasha hili lina nafasi ngapi katika mia? Na hicho ulichokipata, ni chako au waazimwa? Kijana mwenye kuyajibu hayo kwa ulimi wake amekwisha kupata nusu ya dawa, kwani hakuna kijana apendaye kuwa njiwa wa mtu.

Mzazi naye aifunge pochi yake. Nambari ya siri ya M-Pesa si ya kumpa mtoto, hata akiwa ni kitinda mimba mpenzi. Walimu wa madrasa, wanapofundisha mlango wa kamari, wasiishie kwenye karata na farasi ambao watoto hawajawaona. Wawatajie kasha ambalo limo mfukoni mwa kila mmoja wao. Na serikali yetu, ambayo haikosi kuwatoza kodi wenye kamari za mpira, iwalazimishe wauzaji wa makasha watangaze nafasi zake kwa Kiswahili kinachosomeka, na isiruhusu yauzwe kwa watoto kabisa.

Ama nyinyi vijana, mimi sina ugomvi na mchezo wenu. Chezeni, shindaneni, pandeni kwa uhodari, mjigambe kwa haki kama walivyojigamba mafundi wa kirumbizi. Lakini jueni ngazi mnayoipanda inaelekea wapi, na jueni yupo aliyekaa chini yake akihesabu hatua zenu kwa senti. Neno langu la mwisho nalitia katika beti, kwa kuwa beti hukaa kichwani zaidi ya makala:

Vyeo vya kwenye kioo, hufa taa ikizima,
Usiku wote ni mbio, asubuhi uko nyuma,
Vuno ni la wauzao, wenye duka la daima,
Cheza, uwe na kituo, usitekwe na alama.